Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Historia Fupi ya Mizani, Unene na Maumivu Sugu

Katika vyumba vya madaktari vya nchi yetu kuna sentensi moja inayotamkwa kila siku: "Mama, punguza mwili." Huambiwa mwanamke aliyekwenda kulalamikia goti, kiuno au nyayo, na mara nyingi hufunga mazungumzo ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Anayeitamka hana nia mbaya. Ana foleni ndefu nje ya mlango, ana mizani pembeni ya meza, na anachokisema kina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo una mipaka, na mipaka yenyewe haionekani kwa kuitazama mizani. Huonekana kwa kuitazama historia yake.

Mimi si tabibu. Ninafundisha historia, na udaktari wangu ni wa vitabu. Ninachoweza kumletea msomaji ni swali ambalo wanahistoria huliuliza kila wanapokutana na kipimo: nani alikitengeneza, kwa kumpima nani, na kwa faida ya nani? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uhusiano kati ya uzito wa mwili na maumivu sugu ni wa kweli, ila kipimo tunachokitumia hakikuundwa kwa ajili ya mtu mwenye maumivu. Na pale uzito unapogeuzwa kuwa hukumu juu ya tabia ya mtu, maumivu yake hukosa msikilizaji.

Kipimo kilitoka wapi?

Tuanze Ubelgiji. Adolphe Quetelet, aliyeishi kati ya mwaka 1796 na 1874, alikuwa mwanafalaki na mwanahisabati. Alizoea kukusanya vipimo vingi vya nyota na kutafuta wastani wake, akaona njia hiyo hiyo yaweza kutumika kwa binadamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alitafuta sifa za "mtu wa wastani": urefu wake, uzito wake, nguvu zake, hata mwelekeo wake wa kutenda uhalifu. Humo alieleza kwamba miongoni mwa watu wazima uzito huelekea kuongezeka sambamba na kipeo cha pili cha urefu. Hapo ndipo ilipozaliwa hesabu tunayoifanya leo kliniki: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31. Quetelet hakuwa akimtafuta mgonjwa wala mnene. Alikuwa akiueleza umati.

Hatua ya pili ilikuwa ya biashara. Mnamo 1942 na 1943 kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ya New York, ikiongozwa katika kazi hiyo na mtakwimu wake Louis Dublin, ilitoa majedwali ya uzito "unaofaa" kwa wanawake na wanaume. Mwaka 1959 yakatolewa majedwali mengine yaliyorekebishwa. Kampuni ya bima ilikuwa na swali lake halali: ni nani atakayekufa mapema kabla hajalipa vya kutosha? Majibu yalitafutwa katika kumbukumbu za watu waliokuwa na uwezo wa kukata bima. Kibarua wa kutwa na mkulima mdogo hawakuwamo humo kwa wingi. Hata hivyo majedwali yale yalitoka katika ofisi za bima yakaingia katika hospitali, na kutoka hapo yakavuka bahari.

Hatua ya tatu ni ya mwaka 1972. Ancel Keys na wenzake walilinganisha fomula mbalimbali kwa kutumia vipimo vya wanaume wapatao 7,400 kutoka nchi tano: Marekani, Ufini, Italia, Japani na Afrika Kusini. Waliichagua fomula ya Quetelet na kuipa jina jipya, lile tunalolitafsiri kama uwiano wa uzito na urefu. Waliichagua kwa sababu ni rahisi na haikuwa mbaya kuliko nyingine. Wenyewe hawakudai kwamba ni kamilifu. Katika kundi lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Kisha, mwaka 1998, taasisi za afya za Marekani zilishusha kiwango cha "uzito uliozidi" kutoka 27 na ushei hadi 25, na mamilioni ya watu walioamka asubuhi wakiwa na uzito wa kawaida walilala usiku wakiwa na uzito uliozidi, bila kuongezeka hata gramu moja.

Sitaji haya ili kukidhihaki kipimo. Kwa kueleza hali ya taifa zima kinafaa, na wizara yoyote makini hukihitaji. Ninataka tuone jambo moja tu: katika hatua zote nne hakuna aliyeuliza habari ya maumivu. Quetelet aliuliza wastani, Dublin aliuliza kifo, Keys aliuliza mafuta ya mwilini, na wale wa 1998 waliuliza hatari ya magonjwa. Mwanamke wa Mbagala mwenye goti linalowaka saa tisa usiku hakuwa katika swali la yeyote kati yao.

Mizani katika historia yetu

Kwetu mizani ina historia yake nyingine, na bila kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini ushauri wa kupunguza mwili hupokewa kwa mashaka.

Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kilichopimwa kilikuwa mzigo. Mpagazi alibeba paundi 60 hivi, yaani karibu kilo 27, na mara nyingine zaidi, juu ya vitu vyake mwenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wachukuzi wa majeshi; jina la Kariakoo linatokana na kikosi hicho cha Waingereza. Kumbukumbu zimetuachia uzito wa pembe, wa vitambaa na wa masanduku ya risasi. Magoti na viuno vya waliobeba havikuandikiwa safu katika daftari. Wahenga walikwisha kulisema hilo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya uhuru mizani ilibadili sura ikawa rafiki. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huo huo redio iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Kuanzia 1983 mradi wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioendeshwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, uliwafanya wanavijiji wenyewe kuwapima watoto na kuyajadili matokeo. Kadi ya kliniki yenye mstari unaopanda, ambayo chimbuko lake ni kazi ya daktari David Morley katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria, ilimfundisha kila mama somo moja: mstari ukipanda mtoto yu salama, ukishuka kuna hatari.

Wakati huo huo siasa ilikuwa na somo lake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine, na kitambi kikawa alama ya anayekula jasho la wenzake. Lakini mtaani kitambi hicho hicho kilibaki alama ya neema, na aliyenenepa baada ya ndoa alisifiwa kwamba ametunzwa.

Halafu ukaja UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na mwaka 1985 madaktari waliandika habari za ugonjwa ambao wanavijiji wa Rakai, Uganda, waliuita kwa jina la wembamba, "silimu". Kwa kizazi kizima kukonda kukawa tangazo la kifo. Aliyepungua kilo tano alijikuta akieleza kwa nini amepungua kabla hajaulizwa.

Mtazame basi mwanamke aliyezaliwa karibu na mwaka 1970. Utotoni mizani ilimwambia kupanda ni uzima. Ujanani macho ya majirani yalimwambia kukonda ni mauti. Utu uzimani, miji ilipokua na mafuta ya kupikia na sukari vilipopatikana kwa urahisi kuliko mboga, uzito wa wengi ulipanda: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliwakuta asilimia 22 ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa 2015–16 ukawakuta asilimia 28. Leo anaambiwa kwamba kilo zile zile ni kosa lake. Akisita kuamini, si mjinga. Chombo kile kile kimempa ujumbe unaopingana ndani ya maisha yake mwenyewe.

Goti linasema nini?

Sasa niuseme ukweli wa upande wa pili, kwa sababu kuuficha ni namna nyingine ya kumdharau mgonjwa.

Utafiti wa Framingham, ulioanza mwaka 1948 katika mji mdogo wa Massachusetts, ulifuatilia watu kwa miongo mingi. Mwaka 1992 watafiti wake walionesha kwamba kwa wanawake waliopungua kilo 5 hivi katika kipindi cha miaka 10, uwezekano wa kupata ugonjwa wa kulika kwa goti wenye maumivu ulipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2005 watafiti wengine wa Marekani walipima nguvu zinazopita gotini mtu anapotembea, wakakuta kwamba kila kilo inayopungua mwilini hulitua goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Kwa mtu anayepiga hatua elfu kadhaa kwa siku, hiyo si hesabu ndogo.

Lakini goti si bawaba ya mlango. Watu wenye mwili mkubwa hupata zaidi ugonjwa huo hata kwenye vidole vya mikono, na hakuna mtu anayetembea kwa mikono. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1994 ilipogunduliwa homoni ya leptini inayotengenezwa na seli za mafuta. Tangu hapo wanasayansi wameacha kuyaona mafuta kuwa ghala lisilo na kazi. Ni tishu hai inayotoa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo huchochea uvimbe ndani ya viungo. Uzito, basi, huumiza kwa njia mbili: kwa kukandamiza na kwa kuchochea.

Hata hivyo uzito hauelezi kila kitu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliolinganisha mifupa ya Wamarekani zaidi ya 2,000 wa nyakati tofauti. Ugonjwa wa kulika kwa goti ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili tangu katikati ya karne ya 20, hata baada ya kuondoa athari za umri na za uzito. Kuna jambo jingine katika maisha ya sasa, pengine namna tunavyokaa na kutembea, ambalo mizani hailioni. Na kuna wembamba wengi wenye maumivu sugu: mgonjwa wa seli mundu, mzee aliyechota maji na kuni kwa miaka arobaini, kuli wa bandarini. Hao hukutana na dharau ya aina nyingine. Kwa kuwa mizani haina cha kuwalaumu, huambiwa hawana kitu.

Maumivu nayo yana historia

Kwa muda mrefu tiba ya Ulaya iliyachukulia maumivu kama kengele. Descartes, katika karne ya 17, aliyafananisha na kamba inayovutwa upande mmoja na kengele ikalia upande wa pili. Kwa mtazamo huo, pakiwa na maumivu lazima pawe na jeraha, na ukubwa wa jeraha ndio ukubwa wa maumivu. Asiye na jeraha linaloonekana anasingizia.

Mtazamo huo ulianza kuvunjika katika karne iliyopita. John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, alilipia masomo yake ya udaktari kwa kupigana mieleka. Katika Vita Kuu ya Pili aliwahudumia askari ambao vidonda vyao vilipona na maumivu yakabaki, na yeye mwenyewe aliishi na mwili uliojaa maumivu ya ulingoni. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya maumivu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu mfano wa lango: ishara za maumivu zinaweza kuzuiwa au kuachiwa njiani, na ubongo wenyewe unashiriki kulifungua na kulifunga. Mwaka 1973 Bonica aliwakusanya wataalamu kutoka nchi mbalimbali, na kutokana na mkutano huo kikaundwa chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu.

Imechukua nusu karne mafundisho hayo kufika katika vitabu rasmi. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, inayatambua maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, na kukubali kwamba yanaweza kuwa ugonjwa kamili bila kuwa dalili ya ugonjwa mwingine. Usingizi, hofu, huzuni na upweke huyazidisha. Kuaibishwa pia ni hofu na huzuni. Sentensi inayomwaibisha mgonjwa mbele ya foleni haiwezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yake.

Njia ya pande mbili

Kosa kubwa la sentensi niliyoanza nayo ni kudhani kwamba njia kati ya uzito na maumivu huenda upande mmoja. Maumivu nayo hunenepesha. Anayeumwa hutembea kidogo. Anayetembea kidogo hupoteza misuli, na goti lisilo na misuli huumia zaidi. Anayeumwa usiku halali, na asiyelala hushikwa na njaa ya vitu vitamu. Baadhi ya dawa zenyewe huongeza uzito: steroidi ambazo watu hununua dukani bila cheti, amitriptilini, pregabalini. Tunamwambia mtu atoke ndani ya duara bila kumwonesha mlango.

Mama yangu mdogo ni mama lishe. Husimama kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka alasiri, na magoti yake yalianza kumsumbua akiwa na miaka 48. Katika hospitali moja alipimwa uzito, akaandikiwa namba na dawa ya kutuliza maumivu, akaambiwa akipungua kilo 20 atapona. Hakuulizwa anafanya kazi gani. Miaka miwili alimeza vidonge na kuongezeka kilo sita, huku akijiona ameshindwa kazi ya kuwa na mwili wake mwenyewe. Mahali pengine alikutana na kijana wa fiziotherapia aliyemwuliza maswali matatu: linauma wakati gani, unasimama saa ngapi kwa siku, na ni jambo gani ungependa kulifanya tena? Alimfundisha kuimarisha misuli ya mapaja kwa kuinuka na kuketi kitini, akamshauri jiko lipandishwe ili apike akiwa ameketi kwenye stuli ndefu. Maumivu yalianza kupungua kabla ya kilo. Kilo zilipungua baadaye, chache, kwa sababu sasa aliweza kutembea.

Utafiti unaunga mkono mpangilio huo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 likiwa na watu 454 wenye uzito uliozidi na magoti mabovu, waliopata lishe na mazoezi kwa pamoja walikuwa na maumivu machache baada ya miezi 18 kuliko waliofanya mazoezi peke yake au lishe peke yake. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa dawa ya semaglutidi kwa watu 407 wa aina hiyo. Waliopata dawa walipungua asilimia 13.7 ya uzito na maumivu yao yakashuka kwa pointi 41.7 katika kipimo cha 100; waliopata sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 3.2 tu, lakini maumivu yao nayo yalishuka kwa pointi 27.5. Dawa ilishinda, na hilo halina ubishi. Lakini itazame namba ya pili. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa chakula na mazoezi na kufuatiliwa kwa wiki 68. Sehemu ya nafuu hiyo ni ya matumaini na ya kupanda na kushuka kwa maumivu kwenyewe. Siwezi kuamini kwamba hakuna sehemu iliyotokana na kuwapo mtu anayekuuliza hali yako.

Tufanye nini?

Kwa watumishi wa umma walioko katika wizara na halmashauri: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kuamua ni huduma zipi ziwe haki na zipi ziwe anasa. Fiziotherapia na huduma nyingine za utengamao ni za gharama ndogo kuliko upasuaji wa goti, na kuzifikisha katika vituo vya wilaya kungewagusa wakulima na mama lishe ambao mwili wao ndio mtaji wao. Tusikubali pia majedwali ya uzito yarudi kwa mlango wa nyuma kuwa sababu ya kumtoza mtu zaidi au kumnyima. Tumeona yalizaliwa kwa kazi hiyo.

Kwa wanaharakati: kampeni za magonjwa yasiyoambukiza ni za lazima, ila bango linalomcheka mtu mnene halijawahi kumfungulia barabara ya kutembea kwa miguu wala kushusha bei ya mboga. Iringa ya mwaka 1983 ilifanikiwa kwa kuwa mizani iliwekwa katikati ya mkutano wa kijiji, na swali likawa "tumekosa nini sisi", badala ya "umekosea nini wewe".

Kwa wanafunzi wangu, hasa mnaosoma udaktari na uuguzi na kupita hapa mara moja moja: mpimeni mgonjwa uzito, na mwambieni ukweli wake. Lakini yaandikeni maumivu kwanza. Yako wapi, yana muda gani, yamemzuia kufanya nini. Wapagazi wa Tabora walipita katika historia yetu mizigo yao ikiwa imeandikwa na magoti yao yakiwa hayajulikani. Safu hiyo bado iko wazi katika daftari, na kuijaza hakuhitaji mashine.